Waliniuliza jina langu

Alhamisi nilipita mbele ya lile lango mara tatu. Mara ya kwanza nilijifanya nasoma ujumbe kwenye simu. Mara ya pili nilinunua mahindi choma ambayo sikuyataka, nikasimama nayo kando ya barabara huku upepo ukinipuliza vumbi la Nakuru usoni. Mara ya tatu askari alifungua mlango mdogo kabla sijabisha.

"Mama, unatafuta nani?"

Nikamwambia nimekuja kwa mkutano wa akina mama. Akaniangalia kwa upole. "Wa akina mama uliisha saa kumi. Umebaki ule wa chumba cha mwisho, kile chenye taa. Pita tu."

Kanisa lenyewe na mtaa sitavitaja, maana siri hiyo si yangu peke yangu. Kupata hicho chumba kulinichukua karibu miezi miwili. Kwetu Free Area pombe haitafutwi, iko hapo ukishuka tu kwenye matatu. Mahali pa kuiachia ndipo pasipo na kibao. Naelewa ni kwa nini: watu wanalindwa. Hata hivyo roho inaniuma nikiwaza wale waliotafuta kama mimi wakachoka njiani. Mimi nilianza kwa kupiga 1192, nambari ya bure ya NACADA, shirika la serikali linalopambana na ulevi na dawa za kulevya, usiku mmoja nikiwa nimejifungia chooni ili watoto wasisikie. Aliyepokea hakunihubiria. Aliniuliza nakunywa kiasi gani, na tangu lini, na kama nikikosa huwa natetemeka.

Natetemeka. Mimi ni fundi wa nguo, na mikono yangu ndiyo iliyonisaliti. Asubuhi nalowesha uzi kwa ulimi, nausokota ncha, nauelekeza kwenye tundu la sindano, nao unapita kulia. Najaribu tena, unapita kushoto. Mteja ameketi pale ananingoja, na mimi namwambia macho yanazeeka. Kisha nainama kana kwamba natafuta mkasi kwenye sanduku la vitambaa, napiga funda moja la kile kichupa, na baada ya dakika chache uzi unaingia wenyewe. Nimeshona sare za shule hivyo miaka minne.

Wakati wa Pasaka nilijaribu kuacha ghafla, peke yangu, mlango nimefunga. Siku ya pili jasho lilinitoka hadi godoro likalowa, na nikaona vitu ukutani. Daktari aliponiona baadaye alinigombeza: mtu aliyezoea kunywa kila siku akikata ghafla bila uangalizi anaweza kupata degedege, hata kufa. Nilipunguziwa polepole kwa dawa. Nayaandika haya kwa sababu huenda kuna mtu anasoma akiwa amejifungia kama nilivyojifungia. Usifanye hivyo peke yako, tafadhali.

Turudi kwenye chumba. Viti vya plastiki kama kumi na viwili, birika la chai, watu wanane. Mmoja alikuwa amevaa koti la bodaboda. Mama mmoja alifanana na mwalimu wa mwanangu, nikataka kutoka mbio, hakuwa yeye. Zamu yangu ilipofika nikaanza, "Naitwa Mama..." na mzee aliyekuwa akiongoza akainua kiganja taratibu.

"Hilo ni la mtoto, dada. Wewe unaitwa nani?"

Nilinyamaza kwa muda mrefu. Sokoni, kanisani, kwenye chama, hata kwa mume wangu kabla hajaondoka, mimi ni Mama Fulani. Jina nililopewa na nyanya yangu sikuwa nimelisikia kinywani mwangu miaka mingi. Nikalitaja. Nikasema na lile neno lingine, kwamba mimi ni mlevi. Wote wakaniitikia kwa jina langu, nami nikalia mbele za watu nisiowajua.

Hakuna aliyenipa ushauri. Kila mtu alizungumza habari zake, wengine wakasikiliza. Kikapu cha mchango kilipofika kwangu jirani alikipitisha: "Leo wewe ni mgeni." Mwishoni yule mzee alinisimulia jinsi AA (Alcoholics Anonymous), huu umoja wetu wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ulivyoanza Akron, huko Marekani, kati ya mtu wa biashara ya hisa na daktari wa upasuaji. Tarehe 10 Juni 1935 yule daktari alikuwa na mgonjwa wa kupasua, na mikono ilikuwa inamtetemeka, mwenzake akampa bia moja ya kuituliza. Hiyo ndiyo ya mwisho aliyokunywa hadi alipofariki mwaka 1950. Niliitazama mikono yangu juu ya mapaja. Sikuwa nimemwambia mzee kazi ninayofanya.

Wakati wa kuondoka, mama yule niliyemdhania mwalimu aliniandikia nambari yake kwenye karatasi ya majani ya chai. Nimeihifadhi kwenye simu kwa jina "Vifungo", maana watoto wangu hushika simu yangu na bado sijajua nitawaambia nini.

Jumapili saa nne usiku hali ilinizidi. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Nikampigia Vifungo. Hakuniuliza kuna nini, aliniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akasema, "Basi bandika maji ya ugali, mimi niko hapa kwenye simu," na akabaki mpaka maji yakachemka.