Nao Wakielekea Amani

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Wiki hii aya moja niliyoihifadhi tangu chuoni imekataa kunitoka moyoni. Ni aya ya 61 ya Suratul Anfal: "Na wakielekea amani nawe pia elekea, na mtegemee Mwenyezi Mungu." Tulikuwa tukiipitia sura hiyo darasani baina ya Magharibi na Isha, kijana mmoja akauliza iwapo ni kweli kwamba serikali ya Saddam Hussein ililitwaa jina la sura hiyo na kuiita kwalo kampeni yake dhidi ya Wakurdi wa kaskazini mwa Iraq. Ni kweli. Mwaka 1988 vijiji vilibomolewa, wanaume wakapakiwa katika malori na kupelekwa jangwani kupigwa risasi, wakauawa makumi ya maelfu ya watu. Na tarehe 16 Machi mwaka huohuo mji wa Halabja ulimwagiwa gesi ya sumu, wakafa watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Waliouawa walielekea kibla kilekile tunachokielekea sisi.

Kijana yule hakuishia hapo. Aliuliza: mtu aliyefanyiwa hayo akishika bunduki, nani atamlaumu? Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu Qur'ani yenyewe, katika Suratul Hajj, imewaruhusu kupigana wale wanaopigwa vita kwa kuwa wamedhulumiwa, na mwalimu asiyeitaja aya hiyo anawaficha wanafunzi wake nusu ya maneno.

Wakurdi, watu wa kabila la Salahuddin al-Ayyubi aliyeikomboa Yerusalemu mwaka 1187, wamegawanyika baina ya Uturuki, Iraq, Iran na Syria. Mkataba wa Sèvres wa 1920 uliwafungulia njia ya kuwa na nchi yao, na ule wa Lausanne wa 1923 ukanyamaza kana kwamba hawapo. Nchini Uturuki sheria ya mwaka 1983 ilipiga marufuku kuchapisha na kutangaza kwa lugha yao, na haikufutwa hadi 1991, ilhali Mola wetu ametwambia katika Suratul Rum kwamba kutofautiana kwa ndimi zetu ni miongoni mwa ishara zake. Mwaka huo wa 1991 Leyla Zana, mwanamke Mkurdi aliyechaguliwa na watu wake kwa kura, alipanda jukwaani bungeni Ankara akiwa amejifunga kichwani kitambaa chenye rangi za Kikurdi, akala kiapo kwa Kituruki kama sheria ilivyotaka, kisha akaongeza sentensi moja kwa Kikurdi kwamba anaapa kwa ajili ya udugu wa Waturuki na Wakurdi. Ukumbi ulilipuka kwa kelele. Mwaka 1994 aliondolewa kinga ya ubunge, akakaa gerezani miaka kumi.

Wakati huo PKK, chama cha Wakurdi wa Uturuki, kilikuwa tayari kimeshika silaha dhidi ya dola hilo tangu Agosti 1984, kikiongozwa na Abdullah Öcalan, yule aliyekamatwa Nairobi Februari 1999. Zaidi ya watu 40,000 wamekufa katika vita hivyo. Jeshi lilihamisha vijiji na vitongoji zaidi ya 3,000 kwa nguvu. Nao wapiganaji waliua walimu wa shule za vijijini, na wakaua familia za walinzi wa vijiji pamoja na watoto wao. Ruhusa ya Suratul Hajj haikufika huko, na hakuna dhuluma inayohalalisha damu ya mtoto.

Kwa hiyo nilimrudisha kijana wetu Hudaybiya, pale Mtume alipofunga mkataba wa sulhu na Makuraishi wa Makka. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikubali lifutwe neno "Mtume wa Mwenyezi Mungu" katika mkataba kwa kuwa Suhayl bin Amr, mjumbe wa Makuraishi, alilikataa. Ali hakuthubutu kulifuta, Mtume akalifuta mwenyewe. Umar alijawa na uchungu akauliza: je, sisi hatuko kwenye haki? Na kabla mkataba haujakamilika akafika Abu Jandal akiburuta minyororo, Mwislamu aliyewatoroka watesaji wake, naye akarudishwa huku akilia. Jamani, tusiisome sira haraka haraka tukaruka kilio hicho. Kuchagua sulhu kuliwauma masahaba kuliko upanga, na bado Mwenyezi Mungu akaiita siku hiyo ushindi ulio dhahiri. Lakini mkataba ule uliwafunga Makuraishi pia, na walipowasaidia washirika wao kuwashambulia Khuza'a, kabila lililokuwa upande wa Mtume, ulivunjika, na wavunjaji wakabeba dhima yake.

Tarehe 27 Februari 2025 Öcalan, akiwa kifungoni katika kisiwa cha İmralı, aliwaita wafuasi wake waweke silaha chini na kukivunja chama. Mwezi Mei chama kikatangaza kujivunja, na Julai wapiganaji thelathini, wanawake kwa wanaume, wakazitia bunduki zao motoni karibu na Sulaymaniyah, kaskazini mwa Iraq. Wameelekea amani. Aya sasa inamtazama yule mwingine, na mwingine huyo ni dola lenye misikiti na adhana. Selahattin Demirtaş, mwanasiasa Mkurdi wa Uturuki, hakushika bunduki. Aliongoza chama kilichopata asilimia 13 ya kura Juni 2015, akakamatwa Novemba 2016, na mwaka 2024 akahukumiwa miaka 42, ingawa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikuwa imeamuru mwaka 2020 aachiliwe mara moja. Anayemfunga mtu wa kura atamwambia nini mtu wa bunduki?

Hapa nasema nasi, wala sisemi na Ankara. Tunalia kwa haki kwa ajili ya Palestina, na tuendelee kulia. Ila dhuluma ikitendwa na mwenye jina kama letu, ndimi zetu huwa nzito, tukasema ni siasa, ni fitina za maadui. Suratun Nisaa imetuamrisha tusimamishe uadilifu na kutoa ushahidi ijapokuwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wawili na jamaa zetu. Mtume alituambia tumsaidie ndugu yetu anayedhulumu kwa kumzuia. Wangapi kati yetu walitamka Halabja juu ya mimbari mwaka 1988? Wangapi wameitamka tangu hapo? Tusimhubirie subira mdhulumiwa peke yake. Subira hiyo ikihubiriwa bila kumkemea mdhulumu inakuwa mzigo mwingine tunaomtwika.

Ijumaa hii tuwataje Wakurdi kwa jina lao katika dua. Tumwombe Mwenyezi Mungu awathibitishe walioweka silaha chini, awafungulie waliofungwa kwa sababu ya kauli zao, na awape wenye mamlaka huko Ankara, Baghdad, Tehran na Damascus moyo wa kutimiza ahadi kabla damu nyingine haijamwagika. Amin.