Aliyesema ukweli ndiye anayeng'olewa

Chama kikishindwa uchaguzi, kinachofuata tunakijua: kamati ya tathmini, vikao vya ndani mpaka usiku, kisha safu mpya ya uongozi. Sina ugomvi na safu mpya. Aliyeongoza kushindwa apishe. Kinachoniuma ni jinsi wanavyochaguliwa wa kutoka.

Nakumbuka Aprili 2011. Kura za urais za CCM zilikuwa zimeshuka kutoka asilimia 80 mwaka 2005 hadi 60 na ushei mwaka 2010, chama kikatangaza kujivua gamba, yaani kujisafisha. Sekretarieti ikajiuzulu kule Dodoma, akiwemo Katibu Mkuu Yusuf Makamba, mtu wa mkoa wetu huu wa Tanga. Akaingia Wilson Mukama. Novemba 2012 naye akapisha, akaja Abdulrahman Kinana. Na hapo walikuwa wameshinda, kura tu ndizo zilizopungua! Barazani Ngamiani tulibishana nani katoka nani kaingia. Waliohamisha kura zao walihamisha kwa nini, hilo halikuwa na muulizaji.

Huku chini ndiko kuchungu zaidi. Ami yangu alikuwa katibu wa tawi, chama sikitaji. Ana kauntabuku lenye jalada jeusi, majina ya wanachama nyumba kwa nyumba: nani kalipa ada, nani kahamia Pongwe, na pembeni kwa kalamu nyekundu, nani kanuna na kwa lipi. Maji. Kiwanja. Mgombea wao kukatwa jina baada ya kura za maoni za ndani ya chama. Kabla ya uchaguzi mdogo wa udiwani alisimama kikaoni akawasomea yale mekundu. Akaambiwa anavunja watu moyo.

Kata ikapotea. Wiki haikuisha akaitwa msaliti, akakabidhi muhuri, funguo na kauntabuku. Aliyepewa nafasi yake ndiye aliyekuwa akipiga makofi kuliko wote, na kauntabuku kamrudishia, eti halina kazi.

Mtiifu ni nani hapo? Kwangu mimi ni yule anayemwambia mwenyekiti kura hazitoshi wakati siku za kuzitafuta bado zipo. Anayengoja mshindi ajulikane ndipo amwimbie, huyo anatii kiti. Na ndiye anayeaminiwa na kila safu mpya, kwa kuwa hajawahi kumuudhi mtu.

Kamati ya tathmini ya wilaya inakaa Jumatatu. Nimemwambia, "Ami, lipeleke likafunguliwe mbele yao." Amekubali, na nitakwenda naye.