Kijiti cha meno na ua la pinguikula

Wageni wakiiona dirishani mimea yangu inayokula wadudu huuliza inakula nini. Mimi hilo halinishughulishi tena, vidudu hujileta vyenyewe. Kinachoniweka pale asubuhi ni maua.

Drosera capensis, ile yenye majani ya nywele zinazonata, haihitaji msaada wa mtu. Ua hufunguka jua likishika, saa chache tu, kisha hujifunga, na katika kujifunga huko stameni, zinazotoa chavua (unga wa kiume wa ua), hugusana na stigma inayoipokea na kazi imekwisha. Kifuko cha mbegu kikikauka kikawa cha kahawia, kitikise juu ya karatasi nyeupe uone mbegu zinavyomwagika, nyeusi na nyembamba mno. Usizifukie, zinataka mwanga. Ukizembea zitaota kwenye kila chungu kilicho jirani, na ndiyo maana sisi tunaoifuga tunaiita gugu, ingawa hakuna anayeing'oa.

Pinguikula, mla wadudu mwingine mwenye majani yanayonata, ndiyo yenye mambo. Chungulia kooni mwa ua, upande wa juu, utaona kiulimi kilichoning'inia kama aproni mbele ya stameni mbili. Sehemu inayopokea chavua ni uso wa mbele wa kiulimi hicho. Chavua yenyewe imejificha nyuma yake. Mdudu akiingia anagusa mbele kwanza na kuacha alichokuja nacho, akitoka anakiinua kiulimi na kupakwa chavua mpya. Kwa hiyo kuchokoachokoa ua kwa kijiti kutoka nje kwenda ndani ni kupoteza wakati.

Mimi huchana petali za chini ili nione vizuri, nikapitisha ncha ya kijiti cha meno nyuma ya kiulimi, kisha nikaivuta kuja nje. Ikitoka na unga wa manjano, naupaka usoni mwa kiulimi cha ua la mmea mwingine, taratibu, maana ni laini na hukatika upesi. Petali zitadondoka vyovyote vile. Wewe tazama ovari, kile kifuko mbegu zinamokua. Ikivimba, imeshika. Kikonyo kikinyauka, rudia kwa ua jingine.

Ukitaka tu mimea mingi ya aina ileile, achana na mbegu. Shika jani la pinguikula, livute kwa ubavu mpaka ling'oke na kitako chake cheupe, ulilaze juu ya peati (mboji ya kinamasi) yenye unyevu. Machipukizi hutokea kwenye kitako hicho. Jani lililokatikia katikati mara nyingi huoza bure. Jani la capensis linaelea tu kwenye maji safi mpaka litoe vichipukizi. Maji yawe ya mvua au yaliyotoneshwa kutoka mvuke, kwani ya bomba yana chumvichumvi zinazoua mizizi pole pole.

Na dionea, ile yenye majani yanayofunga kama mtego? Chavua yake hukomaa kabla ya stigma, basi ua lililotangulia kufunguka hupakwa chavua ya lililochelewa. Lakini maua huudhoofisha mmea. Mimi hukikata kikonyo kingali kifupi na kukichomeka kwenye peati. Mara nyingine hutoa kimea kipya chini yake, na mbegu sizikumbuki tena.