Kumbukumbu ya mradi: Land Rover Series III, rejeta na kava la feni

Gari ni Land Rover Series III ya petroli, chasisi fupi, injini ya silinda 4 yenye ujazo wa sisi (cc) 2,286. Halina kava la feni, yaani kisanduku kinachoizunguka feni nyuma ya rejeta, kama ilivyo kwa mengi ya umri wake huku kwetu: kava likipasuka au likimkera fundi anayetaka kufikia mkanda, linatupwa na halirudi tena. Dalili yake ni moja. Barabara kuu mshale umetulia, ukiingia foleni ya Ubungo, Dar es Salaam, saa nane mchana unaanza kupanda.

Dalili hiyo isomwe vizuri kabla ya kutoa hela. Gari linalochemsha likienda polepole na kupoa likishika mwendo lina maji yanayozunguka. Linachokosa ni upepo. Linalochemsha kwenye mlima mrefu au kwenye mwendo wa 80 ndilo la kutafutia rejeta iliyoziba, hosipaipu ya chini inayobonyea, au taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) iliyochelewa. Wengi hununua rejeta mpya kutibu ugonjwa wa kwanza, kisha wanashangaa foleni bado inawachemshia. Kwenye gari hili rejeta na kava vinafanywa pamoja kwa sababu rejeta nayo imechoka: mapezi yanapukutika ukiyagusa, na mirija ya chini imejaa tope la kutu.

Kabla ya kufungua

Tope hilo halikuzaliwa kwenye rejeta. Bloku na hedi za injini ni chuma cha kumimina, na miaka ya kuendeshwa na maji matupu imevifanya vipukutishe kutu. Ukifunga rejeta safi mbele ya bloku chafu, unahamishia tope kwenye mirija mipya. Kwa hiyo kwanza bloku: koki ya ubavuni inafunguliwa, na kama hakitoki kitu inachokonolewa kwa waya, maana mara nyingi imezibwa na tope lenyewe. Kisha themostati (vali inayofunguka maji yakipata moto) inatolewa na maji ya bomba yanasukumwa kupitia tundu la juu mpaka yatoke meupe.

Angalia pia maunti za injini, raba zinazoibeba. Rejeta imekaa kwenye paneli ya mbele, feni imekaa kwenye injini. Maunti zikilegea, injini inashuka na feni inashuka nayo. Kava lililopimwa juu ya maunti mbovu litagongwa na mapanga siku utakayofunga mpya.

Kutoa

Boneti na grili vinatoka, betri inakatwa, waya za taa za mbele zinaachanishwa na kuwekwa alama. Kwenye Series njia nyepesi ni kutoa paneli ya mbele pamoja na rejeta yake: bolti za kushika madigadi pande mbili, na bolti mbili za chini zenye raba zinazoingia kwenye chasisi. Zote ni za inchi. Spana ya 13 inacheza kwenye kichwa cha 1/2, ambacho ni milimita 12.7, na bolti iliyooza inaviringika hapohapo. Lowesha mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake.

Rejeta

Nimebaki na rejeta ya shaba, iliyowekwa mirija na mapezi mapya katikati ya matangi yake ya zamani. Ya alumini ni nyepesi, lakini ikipata ufa porini, fundi mwenye lehemu na moto hawezi kuisaidia. Ya shaba anaiziba chini ya mwembe.

Ikitoka kwa fundi ijaribiwe mara mbili. Ziba tundu la chini, jaza maji, achia ghafla: maji yatoke kwa kishindo, yasitiririke. Kisha ziba matundu yote, izamishe kwenye pipa, tia upepo kwa pampu ya baiskeli mpaka pauni 10 kwa inchi ya mraba, utafute mapovu. Usizidishe. Kifuniko cha gari hili ni cha pauni 9, na lehemu za matangi zilipimwa kwa kazi hiyo. Kufunga kifuniko cha 13 au 15 "ili lisichemshe" kunahamisha tatizo kwenda kwenye lehemu, hosipaipu na hita.

Pauni hizo 9 zina kazi yake, hasa bara. Arusha, yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria wazi huchemka karibu nyuzi 95. Kifuniko kizima kinayapandisha hadi karibu 110. Dar es Salaam kingeyafikisha karibu 114. Raba yake ikipasuka umepoteza nyuzi 15 zote, hata kama rejeta ni mpya.

Kava la feni

Feni isiyo na kava hunyonya hewa inayopatikana kirahisi, nayo ni ile ya moto iliyo ubavuni, ndani ya boneti. Mbele yake inapoza duara tu la mapezi. Pembe nne za rejeta zinabaki bila kazi. Kava linalazimisha kila pumzi ya feni ipite kwenye mapezi kwanza.

La kiwandani halikupatikana likiwa zima, kwa hiyo limetengenezwa kwa bati la milimita 1.2: kisanduku kinachofunika uso wote wa mapezi, na pete iliyochomelewa kuizunguka feni, kitovu chake kikilingana na kitovu cha feni, si cha rejeta. Vituo hivyo viwili havilingani, na ndipo kava nyingi za mtaani zinapokosewa. Feni ikiwa imefungwa na maunti ni nzima, pima kutoka ncha ya panga hadi kingo zote nne za rejeta, uhamishie vipimo hivyo kwenye bati.

Nafasi kati ya ncha za mapanga na pete ni milimita 20 hadi 25. Ukiibana zaidi utavuna kidogo na kuhatarisha mengi. Feni iko juu ya krenki (mhimili mkuu wa injini), hivyo injini ikijipinda kwa kuvuta, feni inayumba kushoto na kulia kuliko juu na chini. Nafasi ya ubavuni isipungue 25. Kina nacho kina sheria: nusu ya upana wa panga iwe ndani ya pete, nusu nje upande wa injini. Ikizama yote, hewa inakosa njia ya kutokea. Ikikaa nje yote, inanyonya pembeni kama zamani. Kutoka panga hadi mapezi acha angalau milimita 25, kwa sababu ukifunga breki kwa nguvu injini inasogea mbele. (Ukivuka mto wenye kina, toa mkanda. Maji huyavuta mapanga mbele mpaka yakate mirija.)

Ukingo wa pete umekunjwa nje ili usipasuke kwa mtikisiko. Kati ya kava na rejeta kuna utepe wa mpira wa tyubu, na sponji ngumu imeziba uwazi kati ya rejeta na paneli, juu na pembeni. Bila hiyo sponji hewa ya moto inarudi mbele na kunyonywa tena.

Feni ya umeme nimeikataa. Alteneta (mtambo wa kuchaji betri) ya asili, Lucas 16ACR, hutoa ampea 34. Feni ya inchi 14 inaweza kula 10 hadi 20 peke yake. Ongeza taa za usiku na waipa, betri inaanza kulipia.

Kurudisha na kujaza

Feni ina uso na mgongo. Ikigeuzwa bado inavuta upande uleule, ila kwa udhaifu, na kosa halionekani kwa macho ya haraka: tumbo lililobonyea la panga litazame injini. Mkanda ubonyee takriban milimita 10 kwa kidole gumba. Hosipaipu ya chini iko upande wa kunyonya, hivyo iwe ngumu au iwe na springi ndani. Waya za athi za taa zirudi kwenye chuma kilichokwanguliwa. Paneli iliyopakwa rangi mpya huleta taa hafifu.

Themostati imerudi baada ya kujaribiwa kwenye sufuria yenye kipimajoto. Kuendesha bila hiyo kunaifanya injini ishinde baridi asubuhi za nyanda za juu, itumie petroli nyingi na kuosha oili kwenye kuta za silinda.

Mfumo huchukua lita 10 na robo hivi. Theluthi moja ni koolanti ya aina ya zamani yenye silikati, inayopatana na lehemu, karibu lita 3.4, na theluthi mbili zinazobaki ni maji ya mvua, si ya kisima cha chumvi. Pua ya gari itazame mlimani, koki ya hita iwe wazi, jaza polepole huku ukiminya hosipaipu ya juu, uwashe kifuniko kikiwa wazi mpaka themostati ifunguke na usawa ushuke.

Majaribio

Injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), karatasi inashikwa na grili pembe zote nne. Kabla ya kava ilishika katikati tu. Kwa matundu madogo nimetumia udi, baada ya kuhakikisha hakuna petroli inayovuja: pitisha moshi kwenye mzunguko wa paneli, na unapoonekana unatokea upande wa pili bila kupita kwenye mapezi, hapo pana uwazi. Kona ya chini upande wa betri bado inapitisha. Inasubiri kipande kingine cha sponji.

Kilichobaki: kukaza tena klipu za hosipaipu baada ya injini kupata moto na kupoa mara kadhaa, kupaka pete rangi nyeupe kwa ndani ili mapanga yakigusa alama ionekane, kisha foleni ya Ubungo, saa nane mchana.