Raghurajpur, kijiji cha wachoraji

Jamani, akili yangu bado iko Raghurajpur! Ni kijiji karibu na Puri, mji wa jimbo la Odisha, India, ambako mahujaji wa Kihindu humiminika kwenye hekalu la mungu Jagannath. Asiye Mhindu haingii hekaluni, nikalitazama kwa nje tu. Ila kijijini nilikaribishwa hadi barazani. Kuta za nyumba zimejaa michoro!

Mzee mmoja alinionyesha kitambaa kilichopakwa gundi ya mbegu za ukwaju na unga wa chaki, kikasuguliwa kwa jiwe mpaka kikang'aa. Rangi nyeupe inatokana na magamba ya konokono wa baharini, nyeusi ni masizi ya taa. Anachora polepole, mkono hautetemeki. Nimenunua jani la mti wa mvumo lililochorwa kwa ncha ya chuma. Mistari ni myembamba kama unywele!