Nilivyomsoma Eric Campbell, Adui wa Filamu Bubu

Kikundi chetu cha maigizo kilipoamua kutengeneza mchezo usio na neno hata moja, nilipewa nafasi ya mwenye nyumba anayekuja kudai kodi kwa mpangaji mdogo wa umbo, mjanja, asiye na senti mfukoni. Nafasi hiyo niliipata kwa sababu ya mwili wangu, kwani mimi ni mrefu na mnene kuliko wenzangu wote, na tangu nianze sanaa sijawahi kupewa nafasi nyingine isipokuwa ya askari mkali, baba mkwe mkorofi au mlinzi wa mlangoni. Wiki mbili za kwanza za mazoezi zilikwenda vibaya. Nilikunja uso, nikatoa macho, nikatikisa ngumi, lakini waliokuwa wakinitazama hawakuogopa wala hawakucheka. Mwongozaji wetu, dada mwenye subira kubwa, aliniita kando akaniambia, "Kaka, huyu mwenye nyumba wako anajua kwamba tuko hapa kuchekesha watu. Mimi namtaka yule asiyejua. Nenda ukamtazame yule mtu mkubwa anayemfukuza Chaplin."

Filamu za Charlie Chaplin nilikuwa nimezitazama tangu utotoni, na yule mtu mkubwa nilimkumbuka vizuri kwa nyusi zake zilizopinda kwenda juu kama pembe, lakini jina lake sikulijua. Kwenye vibanda vya video tulikolelewa, mtazamaji hujua jina la stelingi, na adui hubaki kuwa adui tu. Ndivyo nilivyoanza kumtafuta Eric Campbell. Kwa miezi miwili, kila jioni baada ya kazi, nilikaa na daftari nikizitazama filamu zake kwa mfuatano wa kutolewa kwake, kuanzia ya Mei 1916 hadi ya Oktoba 1917, nikisimamisha picha, nikirudisha nyuma, nikiandika mkono ulikuwa wapi na mguu ulikanyaga lini.

Campbell alikuwa Mwingereza, na kabla ya filamu alipitia kwenye kikundi cha vichekesho vya jukwaani cha Fred Karno, kule kule alikopikwa Chaplin mwenyewe. Maonyesho mengi ya Karno yaliendeshwa kwa vitendo kuliko maneno, na waigizaji wake walifundishwa kuanguka, kupigwa na kupigana kwa hesabu kamili, usiku baada ya usiku. Mapema mwaka 1916 alikuwa New York akiigiza jukwaani, wakati ule ule ambapo Chaplin alisaini mkataba na kampuni ya filamu ya Mutual: dola 10,000 kwa wiki, na juu yake dola 150,000 za kutia saini, ili atengeneze filamu fupi 12. Fedha hizo zilimpa Chaplin studio yake huko Hollywood na uwezo wa kuchagua watu wake, naye akamchagua Campbell. Katika filamu hizo 12, Campbell yumo katika 11. Ile moja anayokosekana, One A.M., Chaplin anahangaika karibu peke yake na fanicha za nyumba yake akiwa amelewa.

Hebu fikiria maumbile ya watu hawa wawili. Chaplin alikuwa na urefu wa kama futi tano na inchi tano, mwembamba, mwepesi kama paka. Campbell alipita futi sita na inchi kadhaa, na uzito wake ulikaribia kilo 136. Wakisimama pamoja kwenye picha, hadithi imekwisha kuanza kabla mtu hajainua mkono. Lakini hapo ndipo nilipogundua kosa langu la kwanza. Mimi niliutegemea mwili unifanyie kazi yote, ilhali Campbell aliuchukua kama mtaji tu, kisha akafanya kazi juu yake. Katika The Floorwalker ni meneja wa duka kubwa anayepanga kuiba fedha za duka hilo hilo, mtu wa suti. Katika The Vagabond ni mkuu wa kambi anayemchapa binti kwa mjeledi, na katika kipigo hicho hakuna kichekesho hata chembe. Katika The Count ni fundi cherehani anayejifanya bwana mkubwa. Katika The Pawnshop anaingia dukani kama muungwana kumbe ni mwizi. Katika The Cure ni mgonjwa ambaye mguu wake umefungwa bendeji kubwa kama mto wa kulalia, na mguu huo unakuja kubanwa kwenye mlango wa kuzunguka. Mwili ni ule ule, lakini mwendo unabadilika kila mara, na ndevu vilevile. Katika daftari langu niliandika ukurasa mzima kuhusu ndevu zake peke yake.

Kosa la pili lilinigharimu wiki nzima. Nilianza kuiga mwendo wake kama nilivyouona kwenye simu, ule wa harakaharaka, wa kushtukashtuka, na kila nilipoufanya mbele ya wenzangu ulionekana wa kichaa. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, na mara nyingi zilipiga picha 16 hadi 18 hivi kwa sekunde, ilhali nakala niliyokuwa naitazama ilikuwa ikikimbizwa kwa picha 24. Wapiga picha wa vichekesho walikuwa pia wakipunguza mzunguko kwa makusudi ili vitendo vionekane vyepesi zaidi, kwa hiyo si kila kasi tunayoiona ni kosa la nakala, lakini nyingi ni kosa. Nilipotafuta nakala zilizosafishwa na kurudishwa kwenye mwendo unaokaribiana na wa awali, nikakutana na mtu mwingine kabisa. Campbell ni mzito na hana haraka. Anageuka kwanza kwa macho, kisha kichwa, kisha mabega, na mwili mzima unafuata mwisho kama lori linalokata kona nyembamba. Katikati ya mgeuko huo yule mdogo anapata muda wa kufanya ujanja wake wote.

Kuhusu uso nilijifunza jambo ambalo limebadilisha namna ninavyojipodoa hadi leo. Ukanda wa filamu wa wakati ule haukuiona rangi nyekundu, ikitoka nyeusi kwenye picha, huku buluu ikitoka nyeupe. Uso wa kawaida ungeonekana mchafu wenye mabaka, ndiyo maana waigizaji walijipaka rangi nyeupe nzito, na macho na nyusi vikachorwa upya. Campbell alizifanya nyusi zake kuwa chombo cha kazi. Anapokasirika hainui ngumi kwanza. Zinapanda nyusi, uso unatulia, halafu kimya kinaingia. Mimi ninaigiza jukwaani chini ya taa mbili za kawaida na ngozi yangu ni nyeusi, hivyo rangi nyeupe haikuwa na maana kwangu, lakini wazo la kuchagua kitu kimoja usoni na kukiacha hicho kiseme lilikuwa na maana kubwa. Nilichagua macho. Nikaacha kukunja uso.

Filamu niliyoirudia kuliko zote ni Easy Street, iliyotolewa Januari 1917. Campbell ni mbabe wa mtaa wa maskini, ambaye polisi wote wamemkimbia. Chaplin, ambaye ameajiriwa upolisi siku hiyo hiyo kwa kukosa kazi nyingine, anakuja zamu na kukuta mtaa mtupu, na mbabe amesimama. Nitaeleza tukio hili kwa urefu kidogo, kwa sababu humo ndimo nilimojifunza nusu ya kila kitu. Chaplin anataka kupiga simu ya polisi iliyotundikwa ukutani. Kila anapoisogelea, mbabe anasogea naye. Chaplin anajifanya anaichezea, anaisafisha, kana kwamba si simu. Mbabe anainama atazame vizuri. Hapo anapigwa rungu la kichwa. Hakuna kinachotokea. Anapigwa tena, na tena. Campbell hafumbi jicho. Anaonekana mtu anayejaribu kukumbuka jambo. Kisha anamwinamia yule polisi na kumpa kichwa apige kwa raha zake. Mwishowe, ili kuonyesha nguvu, anaikamata nguzo ya taa ya gesi na kuipinda kama bua la mtama, na katika kuipinda analeta taa karibu na kichwa chake mwenyewe. Chaplin anamrukia mgongoni, anamvika ile taa kichwani na kufungulia gesi. Kisha anampima mapigo ya moyo kama daktari, na kumwongezea dozi kidogo.

Nilisimamisha picha pale anapopinda nguzo zaidi ya mara ishirini. Nguzo ile ilikuwa ya kuigiza, lakini haikuwa mchezo: wakati wa kupiga tukio hilo iliwaangukia, na ukingo wa chuma ukamkata Chaplin kwenye pua, akashonwa na kukaa siku kadhaa bila kuweza kujipaka rangi za uso. Hata hivyo, kinachonivutia ni mgongo wa Campbell. Anapinda kwa mgongo na miguu kama mtu anayeng'oa mti kweli, na uso wake una fahari ya mtoto anayetaka asifiwe. Mbabe yule haigizi ubaya. Anaonyesha kazi yake kwa mgeni. Nilipoliona hilo nilifunga daftari, nikakaa kimya muda mrefu, kwa sababu mwenye nyumba wangu nilikuwa nimekwisha kumpata: ni mtu anayeamini kwa moyo wote kwamba kodi ni haki yake, na kwamba yeye ni mwungwana kwa kuja mwenyewe mlangoni.

Kuna ushahidi kwamba Chaplin alijua thamani ya uzito huo. Watafiti wa filamu za zamani Kevin Brownlow na David Gill walikusanya vipande vilivyokataliwa wakati wa kutengeneza filamu hizo na kuvionyesha kwenye televisheni ya Uingereza mwaka 1983. Humo tunaona kwamba katika The Immigrant, nafasi ya mhudumu mkuu wa mgahawa ilianza kuigizwa na Henry Bergman, mwigizaji hodari aliyebaki na Chaplin kwa miaka mingi. Tukio halikusimama, na Chaplin akamweka Campbell mahali pake. Chumba ni kile kile, maharage yale yale mezani, lakini sasa sarafu iliyopotea mfukoni mwa Chaplin imekuwa jambo la kufa na kupona, kwa sababu tumekwisha kuona wahudumu wakimshukia kwa kipigo mteja aliyepungukiwa senti kumi. Chaplin anapofanikiwa kuipata sarafu nyingine, Campbell anaiuma, na inapinda. Anaitazama, anamtazama Chaplin. Haongezi kitu. Nadhani Bergman angeongeza kitu, na mimi kwa hakika ningeongeza.

Kazi hii yote, filamu 11 ambazo mtu anaweza kuzimaliza kwa siku moja, ilichukua kama miezi 17 tu. Julai 1917 mke wa Campbell alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo, na muda mfupi baadaye binti yao akagongwa na gari na kuumia vibaya. Septemba alioa tena, na kabla ya mwaka kwisha mke huyo mpya alikuwa amekwenda mahakamani kudai talaka. The Adventurer, ambamo anaigiza mchumba mwenye ndevu anayemwonea wivu Chaplin, ilitoka Oktoba. Tarehe 20 Desemba 1917 alfajiri alikufa katika ajali ya gari aliyokuwa akiliendesha mwenyewe Los Angeles, kabla hajafika umri wa miaka 40. Majivu yake yalikaa miaka mingi bila wa kuyachukua, na yalizikwa mwaka 1952. Chaplin aliendelea kuwatumia watu wengine wakubwa wa mwili, hasa Mack Swain, na Swain ni mzuri sana katika The Gold Rush ya mwaka 1925. Lakini Swain ana upole unaomtoka hata anapokasirika, na sijaona tena katika filamu za Chaplin mtu anayejaza mlango kama Campbell.

Nilipata shida kurudi mazoezini siku niliposoma habari za majivu hayo. Nilimwomba mwongozaji siku moja ya mapumziko, akanipa bila kuuliza.

Mabadiliko niliyoyafanya yalikuwa machache, na ninayaeleza kwa ajili ya mwigizaji mwingine mwenye mwili kama wangu ambaye amechoka kuambiwa asimame mlangoni. Nilipunguza vitendo vyangu hadi vikabaki chini ya nusu. Niliacha kuitazama hadhira, nikamtazama mpangaji peke yake, kwani Campbell humtazama Chaplin muda wote kama mtu anayesoma barua ngumu. Mimi na mwenzangu mdogo tulihesabu pamoja kila pigo na kila mgeuko, kwa sauti, hadi hesabu ikaingia mwilini na hatukuhitaji tena kutamka. Kuanguka kulituchukua muda mrefu zaidi: mtu mzito akianguka ovyo huumia na humuumiza mwenzake, na tulianza kwenye magodoro, tukahamia kwenye mikeka, kisha sakafuni.

Usiku wa onyesho la kwanza watu walijaa, na watoto walikaa chini mbele kabisa. Mpangaji alikuwa amejificha nyuma yangu, akifuata mgongo wangu hatua kwa hatua, mkononi ameshika kofia yangu aliyoniibia. Nilisimama katikati ya jukwaa, nikapapasa kichwa, nikagundua haipo. Nilisikia mtoto mmoja akinong'ona, "Yuko nyuma yako, babu!" Nilihesabu moja, mbili, tatu. Nikageuza macho, kisha kichwa, na nilipofika mabegani ukumbi mzima ulikuwa umekwisha kuangua kicheko.