Sekunde nne za mlango wa umio

Siku hizi naandika programu inayosoma namna mtu anavyomeza. Mgonjwa hupitishiwa puani mrija mwembamba unaoshuka hadi tumboni, wenye sensa 36 za shinikizo zilizopangwa sentimita moja moja. Hupewa funda la maji la mililita 5, akameza, akapumzika, akapewa jingine. Kwenye skrini koo liko juu na tumbo chini. Buluu ni shinikizo dogo, nyekundu ni kubwa.

Kuchora rangi ni rahisi. Kazi ipo kwenye mlango wa chini wa umio, yaani bomba la chakula kutoka kooni hadi tumboni: je, ulilegea maji yapite? Kipimo chake kinaitwa IRP (integrated relaxation pressure), yaani shinikizo linalobaki mlangoni unapolegea. Mtu akimeza, umio hujikunja ukafupika na mlango ukapanda, kwa hiyo huwezi kukodolea macho sensa moja tu. Kila nukta ya muda unachukua shinikizo kubwa kuliko yote katika eneo lote la mlango. Halafu, katika sekunde 10 tangu koo lifunguke, unachagua sekunde 4 zenye shinikizo la chini kabisa na kutafuta wastani wake. Si lazima zifuatane, maana mgonjwa anapumua, na kila akivuta pumzi kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, hubana palepale. Ukidai zifuatane, pumzi itahesabiwa kuwa mlango uliogoma.

Kuna mashine ambazo kikomo chao ni milimita 15 za zebaki. Nyingine zina chao. Sasa mgonjwa akipata 14.8 na mwenzake 15.3, tuseme wa kwanza mzima na wa pili mgonjwa? Mimi sikubali programu itoe neno "kawaida" peke yake. Sekunde 4 zilizochaguliwa nimezitia alama nyeupe juu ya picha, na daktari anaweza kusogeza mipaka ya mlango, namba ikabadilika hapohapo. Wenzangu wananiambia madaktari hawana muda huo. Lakini nyuma ya namba hii kuna akalasia, ugonjwa ambao mlango huo haulegei vizuri, ambayo hutibiwa kwa kukata msuli au kuutanua kwa puto, na wapo wenye ugonjwa huo ambao IRP yao haivuki kikomo. Mtu asipasuliwe, wala asirudishwe nyumbani, kwa namba ambayo hakuna aliyeona ilikotoka.

Sasa nashughulikia joto. Sensa zikikaa mwilini vipimo husogea polepole, kwa hiyo mrija ukitolewa lazima usomwe hewani kabla ya kuzima rekodi, ili tofauti ile iondolewe. Nimeweka ujumbe wa kumkumbusha muuguzi, kwa herufi kubwa, katikati ya skrini.